Gari Linapochemsha: Maji, Mafuta na Maana Zake Gerejini



Ukurasa huu umezoea kuwaletea masuala ya sarufi, fasihi na mbinu za kufundishia. Safari hii tunaomba ruhusa yenu tutoke darasani, twende gerejini. Wanafunzi wetu wa mwaka wa pili wamekuwa wakituomba mfano wa makala ya ufafanuzi isiyohusu ngeli wala vina na mizani, na wana haki ya kuomba. Aidha tuna deni la kulipa. Mwaka 2018, kutoelewa kwetu maneno mawili tu, maji na mafuta, nusura kutugharimu injini nzima. Na saa chache kabla ya hapo, nusura mwenzetu aunguze uso wake.

Yaliyotupata Kizuka

Ilikuwa mwezi wa Mei, mvua zikianza kukatika. Tulikuwa watu watano ndani ya Toyota Corolla kuukuu, tukitoka Bujumbura kwenda Nyanza-Lac kuwakagua wanafunzi wetu waliokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Buti lilikuwa limejaa vitabu. Wanaoijua barabara ile wanajua inavyoliambaa Ziwa Tanganyika, maji upande wa kulia, milima upande wa kushoto, na wanajua pia jua la saa saba mchana linavyopiga huko chini ikilinganishwa na ubaridi wa Bururi.

Tulipofika Kizuka, mshale wa geji ya joto, ambao siku zote hukaa karibu na katikati, ulikuwa umeanza kupanda. Tuliuona sote. Tulifanya kile ambacho walimu hukifanya vizuri zaidi: tulijadiliana. Mmoja akasema tusimame, mwingine akasema tujikokote mpaka mjini kwenye mafundi. Tukiwa bado katika mjadala, mshale ukaanguka ghafla mpaka chini kabisa. “Imepoa,” tukasema, na kweli tulifurahi.

Haikuwa imepoa. Kifaa kinachopeleka habari kwenye geji huzama ndani ya maji ya injini na kupima joto la maji hayo. Maji yakiisha, kifaa hubaki kikipima hewa na mvuke, na mshale unaweza kushuka wakati chuma chenyewe kinaelekea kuyeyuka. Kwa hiyo mshale uliopanda ukashuka ghafla bila sababu ni habari mbaya kuliko mshale uliopanda na kubaki juu. Baada ya dakika mbili mvuke ulifumuka chini ya boneti, tukasimama.

Mwenzetu mmoja alishuka, akafungua boneti, akavua koti, akalikunja juu ya mfuniko wa rejeta ili aufungue. Alikuwa na nia njema. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndagala kando ya barabara akapiga kelele, “We baba, acha! Utaungua uso!” Mwenzetu akaacha. Hatukupata nafasi ya kumshukuru mama yule inavyostahili, kwa sababu wakati ule hatukujua alikuwa ametuokoa na nini. Sasa tunajua, na tutaeleza hapa chini.

Tulikaa karibu saa nzima chini ya michikichi. Vijana wawili wakatuletea maji ya ziwa ndani ya dumu la njano, tukajaza rejeta, tukaendesha taratibu, tukisimama kila mara, hadi Rumonge mjini.

Fundi wa kwanza alifungua mfuniko (sasa injini ilikuwa imepoa), akachungulia, akatikisa kichwa. Juu ya maji ya rejeta kulikuwa na macho ya mafuta yakielea. “Mafuta yameingia kwenye maji,” alisema. “Gasketi imeungua. Tufungue hedi.” Bei aliyoitaja ilikuwa mishahara ya miezi kadhaa ya mhadhiri. Hatukuwa na sababu ya kumbishia. Yeyote aliyewahi kusoma habari za injini atakuambia kwamba mafuta yakionekana ndani ya maji, la kwanza la kulishuku ni gasketi ya hedi. Tulikuwa tumeshaanza kupiga simu kuomba mkopo pale mmoja wetu aliposema tumwone na fundi mwingine, mzee mmoja aliyekuwa na gereji chini ya mwembe.

Mzee hakushika spana. Alichovya kidole ndani ya rejeta, akasugua kidole kwa gumba, akanusa. Kisha akauliza:

“Walimu, maji haya mlichotea nini?”

“Dumu, mzee.”

“Dumu lilikuwa la nini?”

Tukatazamana. Hakuna aliyejibu, ila jibu tulikuwa tumekwisha kulipata.

“Haya si mafuta ya injini,” akasema. “Haya ni mawese.”

Pwani ile yote ya Rumonge ni nchi ya michikichi, na madumu ya njano ndiyo chombo cha mawese. Dumu lililotuletea maji lilikuwa limebeba mawese kabla ya kubeba maji. Mzee alichota kidogo kwenye kikombe akakiacha kivulini. Tulipomaliza soda, juu ya kikombe kulikuwa na chembechembe za rangi ya machungwa zilizoanza kuganda. Oili ya injini haigandi hivyo, na katika gari la umri ule huwa ya kahawia iliyokolea au nyeusi. Mzee alichomoa kijiti cha kupimia oili: oili ilikuwa safi, haikuwa na rangi ya chai ya maziwa ambayo hutokea maji yanapochanganyika nayo. Hedi haikufunguliwa.

Basi kama gasketi ilikuwa nzima, kwa nini gari lilichemsha? Kabla ya kujibu, yatupasa tueleze kwanza maji yanafanya nini ndani ya injini, maana bila hilo kila dalili inabaki fumbo.

Safari ya maji

Injini huunguza petroli ili kupata nguvu ya kusukuma gari, lakini sehemu kubwa ya joto linalozalishwa haigeuki kuwa mwendo. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja ndiyo huenda kwenye magurudumu, theluthi nyingine hutoka na moshi, na iliyobaki hubaki katika chuma na lazima iondolewe. Anayeiondoa ni maji. Pampu, inayozungushwa na mkanda kutoka kwenye injini, huyasukuma maji yapite katika vijia vilivyo kuzunguka silinda na ndani ya hedi. Huko hunyonya joto, kisha hutoka kwa mpira wa juu na kuingia kwenye rejeta, ambayo ni fungu la vijibomba vyembamba vyenye mapezi. Hewa hupita kati ya mapezi hayo, ama kwa sababu gari linakwenda, ama kwa sababu feni inaivuta. Maji hupoa, na kurudi kwenye injini kwa mpira wa chini.

Katika mzunguko huo kuna mlinda mlango, thamostati. Ni vali ndogo yenye nta ndani yake. Injini ikiwa baridi, vali imefunga, maji huzunguka njia fupi ndani ya injini bila kufika kwenye rejeta, ili injini ipate joto upesi. Maji yakifika nyuzijoto 82 au 88 hivi, kutegemea aina, nta hutanuka na vali huanza kufunguka.

Mlinzi wa pili ni mfuniko wa rejeta, na huyu hudharauliwa kuliko wote. Watu wengi hudhani kazi yake ni kama ya mfuniko wa sufuria, kuzuia tu yasimwagike. Kumbe mfuniko una springi na mpira unaobana mpaka mgandamizo wa ndani uzidi ule wa nje kwa karibu baa moja, na hapo ndipo sayansi ya mwinuko inapoingia. Uso wa Ziwa Tanganyika uko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yaliyo wazi pale Kizuka huchemka kwenye nyuzijoto 97 hivi, si 100. Ukipanda kwenda Bururi, zaidi ya mita 1,800, huchemka kwenye 94 hivi. Injini nayo hupenda kufanya kazi kwenye 90 na kitu. Unaona jinsi nafasi ilivyo finyu. Mfuniko mzima, kwa kubana, huongeza kiwango cha kuchemka hadi karibu 117 au zaidi, na injini inapata nafasi ya kupumua. Mfuniko uliochoka unairudisha injini kwenye hali ya sufuria iliyo wazi.

Hilo ndilo lililomfanya mama wa ndagala apige kelele, ingawa yeye huenda aliyajua kwa kuyaona. Maji ya nyuzijoto 110 yaliyotulia chini ya mgandamizo hayaonekani kuchemka. Ukifungua mfuniko, mgandamizo hutoweka mara moja, na maji ambayo yanaruhusiwa kuwa na nyuzijoto 97 tu yanajikuta na 110. Sehemu yake hugeuka mvuke papo hapo na kuyarusha mengine juu. Koti halizuii kitu. Linashika maji ya moto na kuyabandika kwenye mkono. Injini iachwe ipoe walau nusu saa, mpaka mpira wa juu ukiubinya kwa kidole unalegea bila kukinza. Hapo mfuniko hufunguliwa kwa kuzungushwa hatua ya kwanza, mtu akasikiliza kama kuna mlio wa hewa, akasubiri uishe, ndipo akamalizia.

Maswali ya mzee

Tulichojifunza kwa mzee yule ni kwamba uchunguzi huanza kwa kuuliza, kama daktari. Alitukalisha juu ya tairi na kutuuliza maswali mpaka tukahisi tumo katika mtihani wa kuzungumza.

Swali la kwanza lilikuwa: linachemsha lini? Likichemsha wakati limesimama, kwenye msongamano wa soko kuu la Rumonge kwa mfano, lakini likipoa mara linapokwenda, shuku feni: mota yake imekufa, fyuzi imekatika, au mkanda umelegea. Gari linapokwenda, hewa huingia yenyewe na feni haihitajiki sana. Likichemsha mlimani au kwa mwendo mkubwa, lakini limetulia mjini, shuku njia ya maji: rejeta imeziba kwa ndani kwa kutu na chokaa, au mapezi yake yamejaa wadudu na matope, au thamostati inafunguka nusu. Likichemsha dakika chache tu baada ya kuwashwa asubuhi, thamostati imegoma kufunguka, au pampu haisukumi, au gesi ya silinda inaingia kwenye maji.

Swali la pili: mnaongeza maji mara ngapi? Tulijibu kwa fahari kwamba sisi ni waangalifu, tunaongeza kila asubuhi. Mzee akacheka. Mfumo ule umefungwa, alisema. Gari zima halinywi maji. Anayeongeza kila siku ana tundu mahali fulani, na uangalifu wetu ulikuwa njia ya kulificha tundu hilo kwa miezi.

Basi akatafuta maji yanakokwenda. Alitazama chini ya pampu, ambako kuna kitundu kidogo kilichotengenezwa makusudi kutoa machozi pindi sili ya ndani inapochoka. Pakavu. Alitazama vifungo vya mipira, akatafuta madoa meupe au ya kijani ambayo kulanti huyaacha inapokauka. Hakuna. Aligusa zulia upande wa abiria wa mbele, kwa sababu kuna rejeta ndogo ya kupasha joto ndani ya gari nayo ikivuja hulowanisha zulia. Kavu. Halafu akaitazama chupa ya akiba kando ya rejeta. Ilikuwa imejaa mpaka mdomoni, ilhali rejeta tuliikuta tupu.

Hapo akatabasamu, na tunakiri kwamba sisi hatukuona cha kutabasamia. Ufafanuzi ni huu. Maji yakipata joto hutanuka, na mfuniko huruhusu ziada itoke kwenda kwenye chupa. Injini ikipoa, maji hunywea, na vali ndogo katikati ya mfuniko huruhusu yanyonywe kurudi. Chupa ikijaa na rejeta ikawa tupu, maana yake maji yanajua kutoka ila hayajui kurudi. Ama kijimpira cha chupa kimepasuka na kinanyonya hewa, ama mfuniko umechoka. Mzee alitugeuzia mfuniko wetu tuutazame: mpira wake ulikuwa umekauka na kupasuka kama udongo wa kiangazi. Ulikuwa haubani na haurudishi. Kila siku maji yalitoka, na kila asubuhi sisi tuliongeza.

Kabla hajaridhika alifanya vipimo vya gasketi, kwa kuwa gari lililochemsha mara moja linaweza kuwa limeunguza gasketi kweli. Aliwasha injini ikiwa baridi, mfuniko ukiwa wazi, akatazama kama mapovu yanatoka mfululizo. Gesi ya silinda ikivuka gasketi huleta mapovu yasiyokoma. Hayakuwapo. Akafunga, akashika mpira wa juu: gasketi ikiwa mbovu, mpira huo hukakamaa katika dakika ya kwanza au ya pili, kabla maji hayajapata joto la kutosha kutanuka. Haukukakamaa. Akanusa moshi. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikiwa ya moto, wenye harufu tamutamu ya kulanti, ni dalili ya maji kuungua ndani ya silinda; lakini matone ya maji kwenye bomba la moshi asubuhi ya baridi ni jambo la kawaida, na watu wamefunguliwa hedi zao bure kwa sababu ya matone hayo. Vivyo hivyo, utando mdogo wa rangi ya maziwa chini ya mfuniko wa oili katika gari la safari fupifupi unaweza kuwa unyevu tu. Kijiti cha oili ndicho cha kuaminiwa zaidi.

Thamostati iliyotupwa

Mfuniko ulieleza maji kupotea. Haukueleza vya kutosha kwa nini joto lilipanda kasi hivyo mbele ya Kizuka. Mzee akauliza swali la mwisho, kwa upole: “Thamostati yenu iko wapi?”

Tulikumbuka. Miaka miwili kabla, katika gereji moja ambayo hatutaitaja, tuliambiwa kwamba thamostati ni kifaa cha nchi za theluji, kwamba huku kwetu joto lipo la kutosha, na ikatolewa ikatupwa. Ushauri huo umeenea kuanzia Bujumbura hadi Kigoma na kwingineko Afrika Mashariki, na una mvuto wa kiakili: ukiondoa mlango, watu watapita kwa urahisi. Tatizo ni kwamba katika injini nyingi, zikiwemo nyingi za Toyota, thamostati ina kisahani cha pili upande wa nyuma. Vali ya mbele inapofunguka kuelekeza maji kwenye rejeta, kisahani hicho huifunga ile njia fupi. Ukiitoa thamostati, njia fupi hubaki wazi daima, na sehemu ya maji ya moto huendelea kuzunguka ndani ya injini bila kuionja rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata joto, inakunywa petroli zaidi (na wasomaji wetu wa Burundi hawahitaji kuambiwa petroli imekuwa adimu kiasi gani miaka hii), halafu mchana, mzigo ukiwa mkubwa, inachemsha. Kifaa kilichotolewa ili gari lisichemshe kinalifanya lichemshe.

Mzee alikuwa na thamostati moja kuukuu ya aina hiyo ndani ya boksi. Hakuifunga kabla ya kuijaribu. Aliitundika kwa uzi ndani ya sufuria ya maji juu ya jiko la mkaa, isiguse chini, akatuita tutazame. Ilikuwa imeandikwa 82. Maji yalipoanza kutoa mvuke na vipovu vidogo, vali ikaanza kufunguka polepole. Kabla ya maji kutokota ilikuwa wazi kabisa. Ingebaki imefunga maji yakitokota, yaani kwenye nyuzijoto 97 za Rumonge, angeitupa. Jaribio hilo mwalimu yeyote anaweza kulifanya darasani kwa kopo, uzi na jiko, na tunalipendekeza, kwani linatoa vitenzi vingi kwa dakika kumi.

Kilichobaki kilikuwa kazi ya usafi. Mawese na mipira havipatani. Mafuta hulainisha na kuvimbisha mpira, pia hujenga utando unaozuia joto kutoka. Aliusafisha mfumo kwa maji ya moto na sabuni ya vyombo mara tatu, mpaka maji yakatoka bila macho. Maji ya ziwa nayo hakuyataka. Yana madini mengi ambayo, yakichemshwa tena na tena, huacha ukoko ndani ya vijibomba kama ule wa ndani ya birika. Akaweka kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi. Kulanti, tuongeze, si rangi ya urembo. Huzuia kutu na huongeza kidogo kiwango cha kuchemka.

Bei ya mfuniko mpya, thamostati kuukuu na kazi ya siku moja haikufika hata sehemu ya kumi ya bei ya kufungua hedi. Tulifika Nyanza-Lac kesho yake, wanafunzi wetu wakiwa wamefundisha somo la kwanza bila kukaguliwa, na kwa taarifa tulizopata, wakiwa wamelifundisha vizuri.

Upande wa lugha

Sasa turudi kwenye ukumbi wetu. Kosa la fundi wa kwanza halikuwa la uvivu. Aliona mafuta kwenye maji, akasema mafuta yameingia kwenye maji, na sentensi hiyo ilikuwa kweli tupu. Shida ni neno lenyewe. Katika Kiswahili chetu mafuta ni ya kupikia, ya kujipaka, ya taa, ya gari kutembelea, na ya kulainisha injini. Mafundi wengi huitenga hii ya mwisho kwa kuiita oili, na tunadhani wanafanya vema kuliko baadhi ya wasanifishaji wanaotaka kulifuta neno hilo kwa kuwa ni la kukopa. Fundi aliposikia akilini mwake neno mafuta, alikwenda moja kwa moja kwenye maana ya kazi yake. Mzee aliuliza: mafuta yapi? Hiyo ndiyo tofauti ya mishahara kadhaa.

Neno maji nalo halisalimiki. Gerejini maji ni maji ya kunywa, ni kulanti, na ni asidi ya betri. “Ongeza maji” ni agizo linaloweza kutekelezwa kwa namna tatu, moja ikiwa ya hatari.

Jambo la tatu limewagawa wahadhiri wenzetu. Madereva husema “gari inachemsha.” Walimu husahihisha: gari linachemka. Kuhusu upatanisho wa ngeli tunakubali. Lakini kuhusu kitenzi tuko upande wa madereva. Kuchemka ni hali ya maji. Kuchemsha ni kuyafanya maji yachemke. Gari haliwezi kuchemka, ni chuma. Linachemsha maji yaliyomo ndani yake, na yambwa imeachwa kwa kuwa kila mtu anaijua, kama tunavyosema mtu amekunywa bila kutaja alichokunywa. Kwa hiyo kichwa cha makala haya si kosa la uhariri.

Tena kuna tofauti za mahali. Fundi wa Buyenzi, Bujumbura, hutaja vipuri vingi kwa majina ya Kifaransa aliyoyapokea kwa waliomfundisha, naye wa Kigoma hutaja vilevile kwa maneno yenye asili ya Kiingereza yaliyokwisha kuzoea irabu zetu: rejeta, gasketi, hedi, feni. Tulipokuwa masomoni Tanzania kwa shahada ya uzamili, tulipeleka gari la rafiki gerejini tukashindwa kueleza shida, ingawa tulikuwa tukiandika tasnifu ya Kiswahili. Rumonge inakaa katikati, na mzee alitumia majina yote mawili kwa kila kifaa bila kuona ajabu. Tumeanza kuyakusanya majina hayo pamoja na wanafunzi, kifaa kwa kifaa, kila jina likiandikwa lilikosikika. Wasomaji walio karibu na gereji wanakaribishwa kutuletea yao idarani.

Mwishoni mwa muhula uliopita tuliwapa wanafunzi zoezi: andika agizo moja la kubandikwa kando ya rejeta, lisomwe na mtu mwenye haraka na hasira kando ya barabara. Wengi waliandika, “Fungua mfuniko baada ya injini kupoa.” Sarufi yake haina dosari, lakini neno la kwanza analokutana nalo msomaji mwenye haraka ni fungua, na mkono wake tayari uko hapo. Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa pwani ile, aliandika maneno mawili tu: “Acha! Utaungua.” Tulibishana kuhusu alama za kumpa kwa karibu nusu saa, kwani zoezi lilitaka kitenzi kinyambulike na kishazi tegemezi. Tukampa zote.